Je, Dhari Devi ndiye aliyeshusha mafuriko ya Kedarnath?

SWALI: Namaste, Maharaj. Mimi na mama mkwe tunajiandaa kwenda hija kwenye hekalu la Badrinath, katika milima ya Himalaya, India. Mzee mmoja wa ukoo ametuonya tusipite bila kumsujudia Mama Dhari Devi, mungu wa kike mwenye hekalu njiani, kwani alipong'olewa mahali pake mwaka 2013 alikasirika akaleta mafuriko ya Kedarnath, mji mwingine wa hija. Kweli Mama anaweza kuwaua mahujaji?

JIBU: Namaste, binti yangu. Kisa hiki wengi wanakijua mkia tu, basi tuanze na kichwa.

Wazee wa Garhwal, eneo lile la milima, husimulia kwamba sanamu ya Mama ilisombwa na mafuriko ya mto Alaknanda, ikanasa kwenye mwamba karibu na kijiji cha Dharo. Wanakijiji wakasikia kilio, kisha sauti ikawaagiza wamsimike papo hapo. Ni nusu ya juu tu ya mwili. Nusu ya chini inahesabiwa iko hekalu la Kalimath, ambako hakuna sanamu, huabudiwa yantra, yaani mchoro mtakatifu. Husemwa pia kwamba asubuhi uso wake ni wa msichana, mchana wa mwanamke mzima, jioni wa bibi kizee. Kwa jinsi mwanga unavyohama katika bonde lile, mimi sithubutu kubisha.

Sasa sikiliza vizuri: mafuriko ndiyo yaliyomleta. Yalikuwepo kabla yake.

Jioni ya tarehe 16 Juni 2013 aliinuliwa kutoka mwambani akapandishwa kwenye jukwaa juu ya nguzo. Bwawa la umeme la megawati 330 lilikuwa likijengwa upande wa chini wa mto, na mto ulikuwa umeshafura. Asubuhi yake ziwa la Chorabari likapasua kingo juu ya Kedarnath. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au kutoweka katika maafa yale. Ni rahisi kuona kwa nini wenyeji, waliokuwa wakipinga asihamishwe, waliunganisha mambo hayo mawili. Lakini fuata mto. Maji ya Kedarnath hushuka na mto Mandakini, hukutana na Alaknanda pale Rudraprayag, ndipo yafike kwa Mama. Mvua ilikuwa imepiga siku kadhaa. Maji yaliyofanya ainuliwe haraka yalitokana na mvua ile ile.

Na kuna jambo linaloniudhi. Kifusi cha ujenzi kilichorundikwa ukingoni kilizolewa kikafukia nyumba za watu mjini Srinagar (ule wa Garhwal, si wa Kashmir), huko chini. Tukisema "Mama alikasirika," aliyerundika kifusi anakwenda zake nyumbani kulala.

Mkubwa wenu hajakosea kuhusu kusimama. Mama huyu ndiye mlinzi wa njia ya mahekalu manne ya hija, Badrinath na Kedarnath yakiwemo, na tangu Januari 2023 amerudishwa kwenye hekalu jipya, juu ya pale alipokuwa. Pelekeni nazi na shela jekundu. Ila mwende kama watoto wanaomwamkia mama yao, si kama wadaiwa. Ngazi za kushukia mtoni ni nyingi. Magoti ya mama mkwe yakikataa, abaki barabarani, aunganishe viganja akitazama chini. Wewe utampelekea prasadi, chakula kilichobarikiwa hekaluni.