Kabla hujampeleka shujaa wako kwenye movie, ujue ukurasa ambao hutauachia

Jumapili usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja, hanijui simjui, anasema dada nina katuni yangu ya shujaa wa kike, kurasa 60, naiposti kidogo kidogo, sasa kuna kaka ana hela anataka tuifanye movie, nianzie wapi? Nikamjibu kwa voisi ya dakika tisa. Asubuhi nimeisikiliza nikaona aibu, dakika sita nzima namlalamikia mtu ambaye yeye wala hamjui. Kwahiyo ngoja niandike vizuri, maana najua mko wengi mnaochora usiku baada ya kazi na mnamuona kabisa binti yenu kwenye skrini kubwa, taa zimezimwa, watu na popcorn zao.

Wangu mimi jina lake silitaji, sababu mtaiona huko mbele. Ni binti anakaanga samaki pale soko la samaki la Feri, Dar. Nguvu zake zinakuja akifunga kibwebwe, basi. Kila toleo anafunga kanga nyingine na jina la kanga ndo linaamua siku hiyo anaweza nini, toleo la tatu ilikuwa "Japo sipati tamaa sikati", siku hiyo hata umpige vipi hachoki. Wasomaji wakawa wananitumia picha za kanga za mama zao nizitumie, wengine mpaka wanagombana kwenye komenti kanga ya nani ianze. Sisi tuliokua na magazeti ya katuni tulizoea mashujaa na vituko vyote ni vya wanaume, sasa huyu dada na mwiko wake wa kukaangia watu walimpenda jamani, nasema ukweli, sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Ukurasa wa 11 wa toleo la kwanza ndo uliompa watu. Alfajiri, mnada unaendelea, jamaa watatu wameziba njia, bibi mmoja wanamsukuma ndoo inamwagika. Binti anaweka mwiko chini, anachukua kanga begani, anaikunja, anaifunga kiunoni. Picha nne mfululizo za mikono tu. Hakuna ngumi hata moja ukurasa mzima. Nilichora mara saba ule mkunjo wa fundo.

Akatokea mwenye hela. Milioni nane, tufanye filamu fupi, ikifanya vizuri tunaenda ndefu. Tumekaa mgahawani anapekua kitabu changu kwa kidole kimoja, anasema story kali ila hii kanga inamfanya awe wa uswahilini sana, tumvalishe suti, tumpandishe juu ya ghorofa, usiku, upepo, joho la mgongoni linapepea. Na hii ya sokoni tuitoe, hapigani na mtu, watu watalala. Mimi nikasema sawa bro. Nilisema sawa haraka sana, hata chai haijapoa, hapo ndo pananiuma mpaka leo, maana hakunilazimisha.

Mtu wa kwanza kuona tatizo alikuwa fundi Kariakoo. Nimempelekea kitambaa cha kuvutika cheusi na mchoro, akauangalia, akavua miwani, akaniuliza "Sasa huyu dada akiinama itakuwaje?" Nikamwambia fundi wewe shona tu. Vile vikinga vya kifua na magoti tulikata kwenye mikeka ya mazoezi, tukabandika kwa gundi ya washona viatu, ikapendeza kweli usiku ule chumbani kwangu. Siku ya kushuti, kibali tunacho kila kitu kipo, tumefika juu ya ghorofa saa nane mchana kupanga taa, suti tumeianika pale kwenye zege na jua la Dar mnalijua. Ile gundi ikalegea yote, kinga ya kifua ikawa inaning'inia kama mlango wa kibanda, tukabana na pini, giza limeingia, ekshen, dada wa watu akaruka akatua akainama. Suti ikachanika kutoka mgongoni mpaka huko. Kanga aliyojifunika ndo ilikuwa kanga peke yake iliyoonekana siku hiyo.

Yaliyofuata nayaruka, ni miezi ya "hela inakuja wiki ijayo". Filamu haijawahi kuisha. Nina milioni moja na laki tisa yangu mle ndani niliyoitafuta kwa kuchora kadi za harusi.

Sasa katika kipindi cha kununa ndo nikaanza kusoma wenzetu walifanyaje, na nilichokuta kilinituliza na kuniudhi kwa pamoja. Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa katuni za Kimarekani, kaonekana kwenye kitabu mara ya kwanza 1941, filamu yake mwenyewe kwenye majumba ya sinema ni 2017. Hesabu, miaka 76! Superman kapata yake kubwa 1978, Batman 1989, huyu dada anabaki na tamthilia ya TV aliyoigiza Lynda Carter miaka ya sabini, halafu mradi wa filamu yake unazunguka Hollywood toka miaka ya tisini, mara huyu kaandika mara yule kaondoka. Katikati hapo walijaribu Supergirl 1984, Catwoman 2004, Elektra 2005, zote zikaanguka, wakubwa wakahitimisha kwamba mashujaa wa kike hawauzi. Green Lantern imeanguka vibaya 2011, mmesikia mtu akisema wanaume hawauzi? Basi na wewe ukianguka mara moja wataisema jinsia yako kabla hawajaisema script, jiandae.

Ila kilichonigonga ni mambo ya Patty Jenkins, yule muongozaji wa hiyo Wonder Woman ya 2017. Ile sehemu ya vita ya kwanza ya dunia, Diana, ndo jina lake Wonder Woman, anapanda ngazi ya handaki anatoka peke yake kwenye uwanja ambao askari wameshindwa kuuvuka, ngao mbele, risasi zinamiminika. Kumbe kuna watu kwenye uzalishaji hawakuielewa kabisa, wanauliza sasa hapa anapigana na nani, hakuna adui wa kupambana naye, risasi tu. Jenkins akang'ang'ana, ikabidi awaonyeshe kwa stori bodi picha kwa picha mpaka wakaona, kwamba hapo hapigani na mtu, hapo ndo anakuwa yeye. Nenda kawaulize watu leo wanakumbuka nini kwenye ile filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 800. Watakwambia handaki.

Niliposoma hiyo nikafunga simu nikakaa. "Hapigani na mtu, watu watalala." Maneno yale yale! Tofauti ni kwamba mwenzangu alichora akawaonyesha, mimi nilikuwa nimeshachora tayari, kitabu kiko mezani, nikasema sawa bro.

Na nguo ni hivyo hivyo. Gal Gadot, aliyeigiza Wonder Woman, alirudi kurudia baadhi ya sehemu akiwa na mimba ya miezi mitano, wakakata suti tumboni wakaweka kitambaa cha kijani, kompyuta ikamalizia. Ndugu yangu, wewe huna kompyuta hiyo. Mvalishe kitu anachoweza kuinama nacho. Mkenya Likarion Wainaina kafanya Supa Modo 2018, katoto Jo kanaumwa kanaota kuwa shujaa, kijiji kizima kinashirikiana naye, ikaenda mpaka tamasha la Berlin, na hakuna ghorofa linalolipuka mle.

Sasa mdogo wangu, na wote mnaofanana naye. Kabla ya hela, chagua ukurasa mmoja. Uandike kwenye mkataba kwamba huo hautoki. Na mkataba uwe karatasi, siyo meseji za WhatsApp kama mimi, maana yule mwenye hela wangu leo anadai nusu ya mhusika ni yake kwa vile "alimboresha", na ndo maana jina silitaji hapa. Kaandikishe kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ungali na akili timamu, kabla hujaitwa mgahawani. Na usiuze mhusika, kodisha: mpe mtu haki ya kumtengenezea filamu kwa muda fulani, akulipe chochote, muda ukiisha hajafanya kitu binti yako anarudi nyumbani. Hollywood wenyewe wanafanya hivyo sana, wewe ni nani wa kuona aibu kuomba? Tunajidharau sana sisi wachoraji, mtu akitaja milioni tunaanza kumshukuru kabla hajatoa. Acheni hiyo tabia. Na ukurasa jamani, ukurasa!

Jana kanijibu. Nilimwambia anitumie huo ukurasa anaoupenda yeye kuliko wote, akatuma wa 34. Shujaa wake kapanga foleni ya maji, usiku, madumu mawili, mbele yake kuna watu kumi na kitu, na anaweza kuyapaisha maji yote ya mtaa kwa mkono mmoja ila kasimama tu anasubiri zamu yake, anapiga miayo. Nimeuangalia mara tatu. Nikamwambia ndo huo huo.

Akaandika: "Dada, huo ndo yule kaka anataka utoke."