Fundi, DLL Yangu Imeenda Wapi?

Fundi, nimetoka Windows 10 kwenda 11. Programu yangu ya uhasibu sasa inalalamika kuwa VCRUNTIME140.dll haipo. Nimeipata kwenye tovuti ya DLL za bure. Niiweke folda gani?

Iweke kwenye pipa la taka. Swali hili limenichosha. DLL ni faili ya msimbo ambayo programu huiita imfanyie kazi, na hiyo yako haiji na Windows yenyewe, ni ya kifurushi cha Visual C++ Redistributable. Kipakue kizima kutoka Microsoft, usakinishe x86 (ya programu za biti 32) na x64 (za biti 64) zote mbili, uwashe kompyuta upya. DLL ya kuokota hujui imepita mikononi mwa nani, na programu ikiiita, itafanya kila ambalo programu hiyo imeruhusiwa kufanya. Kwako wewe hayo ni mahesabu ya watu.

Nimeendesha sfc /scannow, ile amri ya kukagua faili za Windows. Imekuta faili mbovu, ikasema nyingine imeshindwa kuzirekebisha. Nimerudia mara nne.

Ya tano itakwambia hayo hayo. SFC huchukua nakala nzima kutoka ghalani, yaani folda ya WinSxS. Ghala lenyewe likiwa bovu, itatoa nini? Anza na ghala, kwa DISM, amri inayolikarabati. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, uandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Asilimia zitaganda mahali pamoja hadi uchoke. Iache. Ikimaliza ndipo urudie SFC.

DISM huvuta faili kutoka Windows Update. Huko nako kukigoma, fungua ISO (faili yenye diski nzima ya kusakinishia Windows) ya toleo lile lile ulilo nalo na uongeze mwishoni /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess. Herufi D ni ya kwangu, weka yako. Ile 1 nayo ni namba ya toleo ndani ya faili, Home au Pro, na wengi huinakili bila kuangalia kisha wakaniandikia kwamba amri haifanyi kazi. Ihakikishe kwanza kwa DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim.

Bado? Endesha setup.exe ya ISO hiyo ukiwa ndani ya Windows, uchague kubakiza faili na programu. Mimi binafsi siku hizi huruka moja kwa moja hadi hapa nikiona nusu saa imepita.

WinSxS imekula nafasi. Naweza kuifuta?

Hapana. Soma jibu lililotangulia.

Baada ya kupandisha toleo, nyaraka zangu zote hazionekani.

Angalia C:\Windows.old\Users kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa kawaida folda hiyo hukaa siku 10 tu, kisha Windows huifuta yenyewe, na wapenda usafi huiwahi hata kabla ya hapo. Usipokuta kitu, acha kuitumia diski hiyo, maana kila unachohifadhi kinaweza kukaa juu ya kilichopotea. Oktoba 2018 Microsoft wenyewe walisimamisha toleo la 1809 la Windows 10 baada ya kufuta nyaraka za baadhi ya watu. Waliokuwa na nakala kwenye diski ya pembeni hawakuniandikia.

Kompyuta haiwaki kabisa. SFC itasaidia?

Inaweza, kupitia flashi ya kusakinishia: sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Angalia herufi kwanza kwa diskpart, amri ya kusimamia diski, kwani huko C yako huweza kuitwa D. Kama diski ina BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, andaa ule ufunguo wa tarakimu 48.

Imeniletea ujumbe wa kosa. Nifanyeje?

Ujumbe upi?