Nyinyi wa mwaka wa pili, maji yanaenda wapi?

Juzi niliitwa kukaa kwenye krit, kile kikao cha kukosoa modeli, ya wanafunzi wa usanifu majengo mwaka wa pili hapa Kisumu, brifu ni soko la samaki kando ya ziwa, fomu itoke kwa kitu kinachoota. Modeli ya kwanza ua la gugumaji. Ya pili ua la gugumaji. Ya tatu ngege, huyo angalau alichora akiwa na njaa. Wadogo zangu nawapenda lakini mnanichosha.

1. Ibeni vile kitu kinaota, si sura yake. Louis Sullivan, msanifu wa Marekani, kwa zile plate zake za michoro ya mapambo za 1924 anaanza na mbegu na mraba mtupu, anaugawa, anavuta mistari, majani yanakuja baadaye. Nyinyi mnaanza na jani halafu mnatafuta choo kitaingia wapi.

2. Gugumaji sasa. Enzi zetu chuoni group yetu tulichora ua hilo hilo, petali sita za mabati zote zimeinama kuelekea katikati kwa sababu kwenye renda, ile picha ya kompyuta, ilikaa poa, hadi lile doa la njano la petali ya juu tukaligeuza skailaiti. Mzee mmoja kwenye jopo, injinia, hakuuliza kitu, alifungua chupa yake ya maji akamwagia modeli. Maji yote yakakimbia katikati, pale pale tulipopanga meza za akina mama wa samaki, na mvua ya jioni ya Kisumu mnaijua haina adabu. Mimi ndiye nilikuwa napresenti, nikasema ati hapo tumeweka chemchemi. Jopo lilicheka, manila ikalainika, petali moja ikalala juu ya meza na mimi bado naongea tu kwa sababu nilikuwa sijamaliza slaidi. Lakini kilichoniuma ni swali lake la mwisho: kuna mmoja wenu amewahi kulipasua hilo gugu? Hakuna, na pale ufuo wa Dunga linakuja lenyewe mpaka kwa mitumbwi! Pasua kile kikonyo kilichovimba uone, ndani ni vijumba vya hewa vimetenganishwa na kuta nyembamba, ndiyo maana linaelea. Paa jepesi la kutolemea ule udongo mweusi laini wa kando ya ziwa lilikuwa hapo kwa mkono wetu, tukachukua ua.

3. Wewe uliyeleta modeli ya kichuguu cha mchwa, jengo la Eastgate la Harare la 1996 halifanani na kichuguu hata kidogo, msanifu wake Mick Pearce alichukua mwendo wa hewa: zege nzito inameza joto mchana, usiku hewa baridi inapitishwa kuipoza, hewa ya moto inatokea juu kwa machimni. Kwa hivyo ule mlima wako wa udongo wenye madirisha, hapana.

4. Pambo lipigiwe hesabu ya moldi. Jengo la Guaranty la Buffalo, Marekani, 1896, limefunikwa majani ya terakota, udongo wa kuchoma, kutoka chini hadi juu, lakini vigae vinajirudia, hakuna mtu alichonga kila kimoja. Fundi wa vent bloku hapa mtaani anaelewa hiyo maneno kuliko nyinyi, mpelekee mchoro kabla ya krit akwambie ni kona gani itavunjika ukitoa moldi.

5. Tao? Ning'iniza uzi wenye vizito, piga picha, igeuze juu chini, hilo ndilo tao lako. Gaudí, msanifu wa Barcelona, alifanya hivyo bila laptop.

6. Modeli haibebwi kwa boda. Chukua tuktuk, ipakate, na gundi iwe mfukoni si kwa bag.