Kurekebisha beringi za konrodi katika trekta za kale: kwa fundi anayeanza

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Massey Ferguson 35 au 135 amezoea beringi za kubadilisha: kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikilika hupelekwa kuchongwa, kisha hununuliwa beringi za saizi pungufu ya inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Trekta za kizazi kilichotangulia zina utaratibu mwingine. Katika John Deere za silinda mbili za awali, konrodi, fito inayounganisha pistoni na kranki, imemiminiwa babiti, yaani mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba, na kati yake na kofia yake, nusu inayofungwa kwa nati kuizunguka kranki, huwekwa shimu, vibati vyembamba ambavyo hupunguzwa kadiri babiti inavyolika.

Kwa sababu kutoa shimu ni rahisi, wengi huanza nako mara wanaposikia injini inagonga. Anza na mikromita. Pima shingo ya kranki, yaani sehemu inayoshikwa na konrodi, wima na ulalo, mwanzo na mwisho wake, kwa kuwa shingo iliyolika upande mmoja haiponi kwa shimu: ukiibana kwenye kipenyo chake kidogo itakwama kwenye kile kikubwa, na babiti itayeyuka.

Shingo ikiwa bado ya mviringo, ifute oili, laza juu yake kipande cha Plastigage, ule uzi laini wa plastiki, ufunge kofia kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo, na usiizungushe kranki hata kidogo. Ukifungua, upana wa uzi uliobanwa utakuonyesha uwazi uliopo kati ya babiti na shingo. Kanuni ya kale ya mafundi ni takriban elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, lakini kitabu cha injini kikisema vinginevyo, kifuate. Hapa ndipo hesabu huwapotosha wanaoanza: ukitaka kupunguza uwazi kwa milimita 0.10, toa shimu za milimita 0.10 kila upande, wala usigawe kipimo hicho nusu kwa nusu, kwani kofia nzima inashuka pamoja. Kuichonga kofia kwa tupa baada ya shimu kwisha sikushauri. Tundu la konrodi hupoteza umbo lake, na heri babiti imiminwe upya.

Baada ya kufunga kila kofia, ikiwa katika upande na nafasi yake ya awali, chomoa waya za plagi, fungua vali ndogo za kutoa mgandamizo na uzungushe flaiwili kwa mkono. Uzito ukiongezeka ghafla, kofia uliyoifunga mwisho ndiyo yenye kosa. Konrodi nayo iweze kusogezwa kidogo kushoto na kulia kwa mkono.

Pini za nati ziwe mpya daima. Tundu la pini lisipolingana na nati, usilegeze nati ili kulifikia. Badilisha washa au nati. Kisha jaza oili safi, iache injini iungurume bila mzigo, na uimwage oili hiyo mapema ukitazama kama ina chembe za rangi ya fedha, dalili ya babiti inayolika.