Maswali ya Wasomaji: Giaboksi ya Otomatiki na Milima Yetu

SWALI: Shikamoo. Ninaendesha Nissan X-Trail ya petroli ya mwaka 2008, niliyoiagiza kutoka Japani ikiwa imetumika. Tulipokuwa tukirudi Mbeya na watoto pamoja na mizigo, katikati ya kupanda mlima wa Kitonga gari lilipoteza nguvu, likawa linajikokota hata nilipokanyaga mafuta hadi mwisho. Tulipolipumzisha likarudia hali yake. Fundi mmoja anashauri nibadilishe oili ya giaboksi. Mwingine anasema nisithubutu, kwa kuwa giaboksi imeshaizoea oili ya zamani na mpya itaiua. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Msikilize wa kwanza, lakini kwa masharti.

Gari lako, kama ni la otomatiki, halina gia zinazopokezana. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, mfumo unaoitwa CVT, na kinachoubana mkanda huo usiteleze ni shinikizo la oili. Gari likipanda mlima mrefu likiwa limejaa watu na mizigo, nyuma ya lori linalotambaa, oili hupata joto kali, na kompyuta ikiona joto limevuka kiwango hupunguza nguvu kwa makusudi ili giaboksi isiungue. Ndiyo maana gari lilipona lilipopoa. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu giaboksi, mwambie fundi aisome kompyuta kwa mashine, aangalie kama injini nayo haichemki, na asafishe rejeta, kwa sababu tope na nyasi zikiziba mapezi yake hewa haipiti, na kupoa kwa oili ya giaboksi nako hutegemea rejeta hiyo.

Hofu ya fundi wa pili ina chanzo chake. Watu wengi hukumbuka kubadilisha oili pale gari linapokuwa tayari linateleza na oili imekuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Giaboksi ikifa wiki inayofuata, lawama huangukia oili mpya, ilhali mgonjwa alifika gereji akiwa mahututi. Wengine husafisha kwa mashine yenye shinikizo kubwa, ambayo huweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Kwa maoni yangu, lakini, mkosaji mkubwa ni oili isiyo sahihi. X-Trail ya umbo lako hutumia oili ya CVT aina ya NS-2. Ile nyekundu ya kawaida ya otomatiki haifai hata kidogo, na kopo lililoandikwa kwamba linafaa magari yote mimi nisingelinunua. Omba uoneshwe kopo kabla halijafunguliwa. Jirani mwenye gari la Toyota asikupe masalio yake, maana hata RAV4 mbili zinaweza kutofautiana: zile za umbo la tatu zilizouzwa Japani zina CVT, wakati za umbo la pili zina otomatiki ya kawaida ya gia nne.

Njia salama ni kufungua bolti ya chini, kuacha oili itoke yenyewe, kuipima na kujaza mpya kwa kiasi kile kile. Kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi) na kwenye mabomba, kazi hiyo hurudiwa mara moja au mbili baada ya kilomita mia kadhaa. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, angalieni sumaku zake: ute laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha kwamba oili haitasaidia tena. Kimo cha mwisho kipimwe gari likiwa mahali tambarare, kwa joto na utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo, kwa barabara zetu za milima, ningebadilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000. Na ukirudi Kitonga, acha nafasi nyuma ya lori ili usiwe unakanyaga na kuachia, na zima kiyoyozi.

SWALI: Mume wangu akishuka kutoka Mbeya kwenda Tukuyu huweka gia N (huru) ili kuokoa petroli. Je, ni sahihi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Si sahihi, na hata petroli haiokoki. Katika injini za sasa, ukiachia pedali gari likiwa kwenye D, kompyuta hukata petroli kwa sehemu kubwa ya mteremko, lakini kwenye N injini lazima ichome petroli ili isizimike. Zaidi ya hayo, breki hubaki peke yake kulizuia gari, hupata moto na kulegea. Mwambie shemeji yetu azime O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa) au ateremshe hadi 2 au L, yaani gia za chini, mapema, kabla kasi haijapanda, na asirudishe D ghafla kutoka N gari likiwa mbioni.

SWALI: Forester yetu ilikwama kwenye tope karibu na Makete, kisha ikavutwa magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa. Kuna madhara?
Msomaji, Njombe

JIBU: Yanaweza kuwepo. Gari lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne libebwe juu ya lori, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yakizunguka peke yake huzungusha sehemu za giaboksi ambazo hazipati oili injini ikiwa imezimwa. Kama sasa linakakamaa au kutetemeka unapokata kona kali taratibu, lipeleke likaguliwe kabla ya safari nyingine.