Maswali ya Wasomaji: Prosesa za kesho na kompyuta ya kwanta

Kompyuta niliyoitumia mwaka 2006 ilikuwa na gigahezi 3. Ninayotaka kununua sasa nayo imeandikwa gigahezi 3 na ushee. Je, maendeleo ya prosesa yalisimama?

Kilichosimama ni kasi ya mdundo, yaani hizo gigahezi, na kilichoisimamisha ni joto. Umeme unaoliwa na chipu hufuata masafa ya mdundo na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Tuseme umepandisha mdundo kwa asilimia 20, na ili chipu isikosee umelazimika kuongeza volteji kwa asilimia 10. Zidisha 1.2 kwa 1.1 kwa 1.1: joto limepanda kwa asilimia 45 hivi. Kasi umeongeza moja ya tano tu, joto karibu nusu.

Zamani mzigo huo haukuonekana. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista, swichi ndogo mno ya umeme ndani ya chipu, ikipunguzwa ukubwa, volteji yake nayo inaweza kushushwa kwa kiasi hichohicho, hivyo chipu yenye transista nyingi zaidi haichemki kuliko ile ya awali. Mwendo huo ulikatika karibu na mwaka 2005. Volteji ilipofika jirani na volti 1 iligoma kushuka, kwa sababu transista ya kawaida haizimiki mara moja kama taa ya ukutani. Katika joto la chumbani inahitaji walau milivolti 60 kila unapotaka mkondo unaovuja upungue mara 10. Ukibana volteji kupita kiasi, mabilioni ya transista yanavuja hata yakiwa yamezimwa.

Ndiyo maana transista za ziada ziligeuzwa kuwa viini vingi, kila kimoja kikifanya hesabu zake, ndani ya prosesa moja. Hapo napo kuna kikomo, alichokieleza mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua. Programu ambayo asilimia 95 ya kazi yake inagawanyika itapata kasi ya mara 5.9 kwenye viini 8, na haitavuka mara 20 hata ukiipa viini elfu. Ikiwa ni nusu tu inayogawanyika, viini 8 vitakupa mara 1.8 basi.

Kwa hiyo, kabla hujalipia viini 16, fungua kidhibiti cha kazi (Task Manager) kwenye kompyuta uliyo nayo huku programu yako ikiendelea, kisha tazama kila kiini peke yake. Kiini kimoja kikiwa asilimia 100 na vingine vimelala, nunua prosesa ambayo kila kiini chake kina nguvu, hata kama viini vyenyewe ni vichache. Vyote vikiwa chini na bado kazi ni nzito, tazama kumbukumbu au diski. Kuleta data kutoka RAM huchukua karibu nanosekunde 100, na kwa gigahezi 3 hiyo ni midundo 300 ambayo kiini huipoteza kikisubiri. Hii ndiyo sababu ukubwa wa akiba ya ndani ya prosesa (cache) unastahili kusomwa kwa makini kuliko gigahezi. Gigahezi zinasema moyo unadunda mara ngapi. Kazi inayofanyika kwa kila mdundo imeongezeka sana tangu mwaka 2006, na namba hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Je, chipu ya “nanometa 3” ina transista za nanometa 3?

Hapana. Jina hilo ni la kizazi cha utengenezaji, wala hakuna kipande ndani ya chipu ambacho ukikipima utapata nanometa 3. Kutoka lango la transista moja, yaani sehemu inayoruhusu au kuzuia umeme, hadi la jirani yake bado ni zaidi ya nanometa 40. Linganisha na silikoni yenyewe, malighafi ya chipu, ambayo mpangilio wa atomi zake hujirudia kila nanometa 0.543. Nanometa 3 kweli zingekuwa marudio matano au sita tu ya mpangilio huo.

Maendeleo ya sasa yanatokana zaidi na umbo kuliko upunguzaji. Mwaka 2011 Intel ilitangaza transista iliyosimama kama pezi, ambamo lango linashika njia ya umeme kwa pande tatu. Mwaka 2022 Samsung ilianza kutengeneza ile ambayo lango linaizunguka njia hiyo pande zote, na uvujaji ukadhibitiwa zaidi. Njia nyingine ni kukata chipu kubwa kuwa vipande vidogo vinavyounganishwa kwenye kitako kimoja. Faida yake ni rahisi kuiona: doa moja la utengenezaji linaharibu kipande kidogo badala ya chipu nzima.

Nimesikia kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Kwa nini basi isichukue nafasi ya prosesa za kawaida?

Maelezo hayo yamewapotosha wengi, nasi tungependa yaachwe kabisa. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti, biti ya kompyuta ya kwanta, inaweza kuwa katika mseto wa 0 na 1, na kyubiti 50 zinaweza kubeba mseto wa hali milioni bilioni moja na ushee. Ila ukizipima unapata jibu moja tu, tena la kubahatisha. Ustadi wote ni kupanga hatua ili mawimbi ya majibu mabaya yauane na ya jibu sahihi yaongezeane kabla ya kupima. Mpangilio wa aina hiyo umepatikana kwa matatizo machache tu.

Peter Shor aliupata mwaka 1994 kwa kuvunja namba kubwa kuwa vigawo vyake. Lov Grover aliupata mwaka 1996 kwa utafutaji, lakini faida yake ni ya kipeo cha pili: hatua milioni zinakuwa elfu. Kwa kuwa kila hatua ya kwanta ni ya polepole mno ikilinganishwa na ya silikoni, faida hiyo humezwa kwa urahisi. Eneo tunalolitumainia zaidi ni kuiga molekuli na maada, kwa kuwa zenyewe hufuata kanuni za kwanta. Kuandika barua, kucheza video au kutunza hesabu hakuna nafasi humo.

Tatizo la pili ni makosa. Kyubiti za saketi zenye upitishaji mkuu, yaani zinazopitisha umeme bila upinzani, hupozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, kwa kawaida sehemu 10 hadi 20 za elfu ya kelvini moja, na bado operesheni ya kyubiti mbili hukosea takriban mara moja katika mia chache au elfu. Hesabu yenye maana inahitaji mabilioni ya operesheni. Dawa yake ni kufanya kyubiti nyingi halisi zibebe kyubiti moja ya kimantiki, na kuendelea kukagua makosa bila kuigusa taarifa yenyewe. Kwa miaka mingi kuongeza kyubiti kulileta makosa mengi kuliko yaliyorekebishwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Google ilionyesha kwa chipu yake ya Willow, yenye kyubiti 105, kwamba kila walipokuza mpangilio wa kyubiti zinazobeba taarifa kutoka 3 kwa 3, kwenda 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yalipungua zaidi ya nusu. Kwetu sisi hiyo ni habari kubwa kuliko rekodi zote za kasi. Lakini kumbuka bei yake: kyubiti 100 hivi kupata moja, na hiyo moja bado haitoshi.

Ninasimamia seva ndogo. Nianze kuogopa usimbaji fiche kuvunjwa?

Usiogope, ila anza kazi. Makadirio ya Craig Gidney, mtafiti wa Google, ya mwaka 2025 yanasema RSA ya biti 2048, usimbaji unaotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa kuwa vigawo, ingevunjwa na kyubiti zisizofika milioni moja katika muda usiozidi wiki. Mwaka 2019 makadirio yalikuwa milioni 20. Mashine hiyo haipo, lakini anayenasa data yako leo anaweza kuihifadhi aifungue baadaye. Kwa hiyo ubadilishanaji wa funguo ndio wa kushughulikiwa kwanza. Saini za kidijitali zinaweza kusubiri kidogo.

Kwenye seva andika `ssh -Q kex`, utafute `mlkem768x25519-sha256`, njia ya kubadilishana funguo inayounganisha ML-KEM, mbinu mpya ya kuhimili kompyuta ya kwanta, na X25519 ya kale. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, inayo tangu toleo 9.9, na katika 10.0 ndiyo chaguo la kwanza. Kisha unganisha kwa `ssh -v` uhakikishe ndiyo iliyokubaliwa na pande zote mbili. Kwa TLS, ulinzi wa tovuti za https, maktaba ya OpenSSL 3.5 ina ML-KEM, kiwango kilichotolewa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, Agosti 2024. Tumia muundo mseto, wa kale na mpya pamoja. Mbinu mpya peke yake si ya kuaminiwa mno: SIKE, mojawapo ya mbinu mpya zilizokuwa zikishindanishwa, ilivunjwa mwaka 2022 kwa kompyuta ya kawaida kwa saa moja hivi.

Kinachoharibika mara nyingi ni ukubwa. Ufunguo wa wazi wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184, wakati wa X25519 ni 32. Ujumbe wa kwanza wa TLS hauenei tena kwenye pakiti moja, na baadhi ya ngome za zamani za mtandao (firewall) huutupa. Ukiona muunganisho unaganda mwanzoni kabisa, shuku hapo. AES-256, inayosimba data yenyewe, iache kama ilivyo.

Laputopu yangu ina RAM ya gigabaiti 16. Naweza kujifunzia kompyuta ya kwanta?

Inatosha. Kuiga kyubiti n kikamilifu kunahitaji baiti 16 mara 2 kwa kipeo cha n: kyubiti 25 ni nusu gigabaiti, 28 ni 4, 29 ni 8, na 30 zinameza 16 zote, kwa hiyo ishia 28 au 29. Sakinisha Python, tengeneza mazingira yake ya pekee, kisha weka `qiskit` ya kuandikia saketi za kwanta na `qiskit-aer` ya kuziiga. Anza na saketi ya kyubiti mbili: lango H (operesheni inayoiweka kyubiti katika mseto wa 0 na 1) kwenye ya kwanza, CX (inayoigeuza ya pili pale ya kwanza ikiwa 1) kutoka ya kwanza kwenda ya pili, pima zote mara 1,000. Utapata karibu nusu 00 na nusu 11. Ukiona 01 kwenye uigaji usio na makosa, umekosea nyaya. Kwenye mashine halisi 01 na 10 chache ni za kawaida. Na unaposoma matokeo ya Qiskit, kyubiti namba 0 iko mwisho kulia, si kushoto.