Bastola Kiunoni, Askari Mbele Yako

Wiki hii wengi mmeniuliza polisi wanamwonaje raia mwenye bastola. Nimechagua maswali manne.

*Nina duka la M-Pesa hapa Umoja, nimevamiwa mara mbili. Je, nina haki ya kuwa na bastola?*

Pole sana, ndugu yangu. Haki huna, unaweza kuomba. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka uwe na sababu ya maana, akili timamu, na usiwe mlevi. Cheti huhuishwa kila mwaka na kinaweza kufutwa. Ripoti kila uvamizi kituoni upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ila kumbuka, jambazi akijua duka lina bastola, anaweza kuifuata hiyo hiyo.

*Binamu yangu yuko Texas. Anasema polisi wa Marekani wanapenda raia wajihami. Mbona wetu hawapendi?*

Amekueleza nusu tu. Mwaka 2013 tovuti ya PoliceOne iliwauliza maafisa zaidi ya 15,000 wa huko, na takriban 9 kati ya 10 wakaunga mkono raia asiye na rekodi ya uhalifu kubeba bastola iliyofichwa. Lakini Texas ilipoondoa sharti la leseni mwaka 2021, wakuu wa polisi, akiwemo wa Dallas, walipinga.

Dallas wana kidonda. Tarehe 7 Julai 2016 mtu mmoja aliwaua askari watano wakati wa maandamano, na baadhi ya waandamanaji walikuwa wamebeba bunduki kihalali. Polisi wakasambaza picha ya mmoja wao kama mshukiwa, kumbe hana hatia. Mkuu wao wa wakati huo, David Brown, alilalamika kwamba risasi zikianza kulia, askari hawajui mwema ni yupi. Hofu hiyo naielewa, na ingekuwa ile ile pale Barabara ya Tom Mboya, Nairobi.

*Lakini Westgate si raia wenye bastola ndio waliookoa watu?*

Ndio, na wanastahili heshima yetu. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, raia wenye leseni na polisi waliovaa kiraia waliingia mapema, wakawatoa watu wakiwa hai. Watu 67 waliuawa. Naamini bila hao wangekuwa wengi zaidi. Ila humo humo, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu. Ikiwa mtu wa kikosi maalumu alidhaniwa adui, je, wewe uliyevaa fulana? Ukishawatoa watu, rudisha bastola kiunoni na uinue mikono kabla askari hawajakufikia.

*Nina leseni. Nikisimamishwa Thika Road usiku, nifanyeje?*

Washa taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani, kisha sema: “Afande, nina leseni ya silaha. Bastola iko kiunoni, kulia. Unataka nifanye nini?” Usiiguse, wala usipekue mfuko wowote kabla hujaambiwa. Tarehe 6 Julai 2016, huko Minnesota, Philando Castile alimweleza askari kwamba ana bunduki, na alikuwa na kibali. Alipigwa risasi ndani ya gari, mchumba wake na mtoto wakiona. Kwa hiyo cheti kikae mfuko wa shati, mbali kabisa na bastola.